Kiti Ni cha Kuinukia: Yoga na Wazee wa Kwale

Pale Diani, yoga tumezoea kuiona ufukweni: wageni wamejipanga juu ya mikeka ya mpira, wengine miguu hewani. Mzee wa Ukunda au Msambweni akisema hayo si yake, ana haki. Goti lake halimruhusu kushuka mpaka chini, na akishuka, nani atamwinua? Lakini zoezi hili lina sura nyingine, ya mtu aliyeketi kitini, nami naamini linawafaa sana watu wazima wetu, ilimradi tujue linafanya nini na wapi linaishia.

Mwaka 1982 mwalimu wa Marekani, Lakshmi Voelker, alianza kufundisha hivyo baada ya kumwona mwanafunzi wake akishindwa kukaa sakafuni kwa maradhi ya viungo. Kiti kilimwondolea mwanafunzi yule kikwazo cha sakafu, akabaki na mambo yanayomfaa hasa: kunyoosha viungo, kuvizungusha taratibu, na kupumua kwa utulivu.

Kwa nini hayo yasaidie goti lililochoka? Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, hauna mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo husukumwa kiungo kinapokunjwa na kukunjuliwa. Mzee akikaa barazani kutwa bila kujongea, goti hukakamaa. Basi akiwa pale pale kitini, nyayo zote mbili chini, mgongo haujaegemea, na aunyooshe mguu mmoja mbele, aushushe, kisha wa pili. Azungushe vifundo, ainue mabega na kuyaachia, ageuze kiwiliwili kidogo kulia na kushoto huku akitoa pumzi ndefu. Nguo za kubana hazihitajiki. Leso au kikoi kinatosha.

Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo sikubaliani nao. Kunyoosha viungo umekaa ni kuzuri, ila miguu haijifunzi kumbeba mtu akiwa ameketi tu. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya mizani ya mwili na nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Mapitio makubwa ya utafiti ya Cochrane, yaliyotolewa mwaka 2019, yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa takriban asilimia 23, na miongoni mwa yaliyosaidia ni yale ya mizani na ya kuigiza kazi za kila siku. Kwetu kazi hizo zinajulikana: kuinuka kwenye mbuzi ukishakuna nazi, kuondoka mkekani, kuchuchumaa katika choo cha shimo na kusimama tena bila mtu wa kushika mkono. Hilo la choo halisemwi hadharani, lakini ndilo linalomvunjia mzee heshima yake mapema kuliko maradhi mengi.

Kwa hiyo zoezi kuu ni kuinuka kitini. Miguu irudishwe nyuma kidogo ya magoti, kiwiliwili kiiname mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, kisha atoe pumzi na kusimama. Asibane pumzi, maana kubana hupandisha presha ghafla. Kukaa nako kuwe kwa polepole, bila kujibwaga, kwani paja hufanya kazi nyingi mwili unaposhuka. Anayehitaji kuegemeza mikono mapajani na aegemeze. Mara tano kwa siku za mwanzo zinatosha kabisa.

Kiti chenyewe kiangaliwe. Vile vya plastiki tulivyo navyo kila nyumba huteleza kwenye saruji laini na huzama mchangani, kwa hiyo kiwekwe kwenye sakafu kavu, mgongo wake ukutani. Anayemeza dawa za presha asimame, ashike ukuta, angoje kichwa kitulie kabla ya kupiga hatua. Mwenye presha ya macho asiinamishe kichwa chini ya kifua. Aliyewahi kuvunjika nyonga amwone kwanza mtaalamu wa tiba ya viungo.

Wapo watakaouliza kama jambo hili lina ibada ya kigeni ndani yake. Ni swali la haki, na mwalimu mwenye adabu hataimbisha wala kufundisha dua ya dini yoyote. Saudi Arabia yenyewe iliitambua yoga kama mchezo mwaka 2017. Na kiti si kigeni msikitini: asiyeweza kusimama huruhusiwa kuswali ameketi, na wazee wetu hufanya hivyo kila siku.

Kigumu zaidi kiko nyumbani. Tumelelewa kumtumikia mkubwa: bibi akitaka maji, mjukuu amekwishayaleta, babu akitaka kuondoka, vijana wawili wamemshika makwapa. Ni mapenzi, na simwambii mtu ayapunguze. Lakini paja lisilopewa kazi hulegea, tena haraka katika umri huo. Mjukuu na asimame karibu, mkono tayari, amwachie bibi yake ainuke mwenyewe. Bibi akishindwa, ndipo amsaidie, na kesho wajaribu tena baada ya Alasiri, jua likishapungua.