Vigae, Chokaa na Msala Mdogo wa Mji wa Kale

Yapo mambo ambayo hayaandikwi magazetini kwa kuwa yanadhaniwa kuwa madogo mno, au ya aibu. Msala ni mojawapo. Lakini mwenye kupita Ndia Kuu, Kibokoni au Kuze huona mikokoteni iliyobeba masanduku ya vigae ikisukumwa vichochoroni, na nje ya milango huona vifusi vya lipu ya zamani iliyobanduliwa. Watu wanatengeneza misala yao. Hiyo ni haki yao, na wengi wao wamechelewa. Ninalolalamikia ni jinsi wanavyochagua.

Desturi iliyoenea ni hii: mtu huenda dukani kwanza, akavutwa na kigae kinachong'aa kama kioo, akalipa, kisha ndipo akamwita fundi. Fundi hukabidhiwa mzigo uliokwisha kununuliwa na kuambiwa aubandike. Hakuna aliyeuuliza ukuta.

Na ukuta huo una la kusema. Nyumba za asili za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikanishwa kwa chokaa na mchanga, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi. Hunywa unyevu kutoka ardhini na hewani, kisha huutoa polepole kupitia lipu ya chokaa, ambayo nayo hupitisha hewa. Ukuta wa namna hii hupumua. Saruji, ambayo kiwanda cha Bamburi kilianza kuitoa mwaka 1954 na ambayo leo iko kila duka, haipumui hivyo. Ukuta ukifunikwa kwa saruji na vigae toka sakafuni hadi darini, unyevu hukosa njia. Hupanda juu zaidi, au hutokea upande wa pili, chumbani mwa jirani. Chumvi iliyomo hukauka na kuwa fuwele nyuma ya lipu, nazo fuwele zikikua huumega ukuta kidogo kidogo. Mwalimu wa kemia akitaka mfano wa somo hilo hana haja ya maabara. Mbaya zaidi, ncha za boriti zilizozikwa ndani ya ukuta huo huanza kuoza bila mtu kuziona.

Wanafunzi wetu hukaririshwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wasichoambiwa ni kwamba inategemea ufa huo umezibwa kwa kitu gani.

Kisha kuna uzito. Tuchukue msala wa orofani wenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5, yaani mita 3 za mraba. Tabaka la saruji na mchanga lenye unene wa sentimita 5 lina uzito wa takriban kilo 100 kwa kila mita ya mraba, na vigae vyenyewe huongeza kama kilo 20. Jumla yapata kilo 360, ambazo ni zaidi ya mifuko saba ya saruji, iliyowekwa juu ya boriti za kale na isiyoondolewa kamwe. Hapo hujatia hodhi la maji. Kwa hiyo kabla ya kuuliza rangi ya kigae, na fundi azigonge boriti kutoka chini, azichome kwa ncha ya bisibisi, ajue ipi nzima na ipi imekuwa unga. Ikiwezekana, msala na uwe wa chini.

Sisemi watu warudi kwenye sakafu tupu. Vigae vina kazi yake. Ushauri wangu ni kwamba vipande vya ukutani viishie mahali maji ya kuogea yanapoishia kuruka, na viwekwe zaidi kwenye kuta za ndani zilizojengwa baadaye kwa matofali. Juu ya hapo ibaki lipu ya chokaa, ipakwe chokaa nyeupe kila inapochakaa. Weupe huo huufanya msala mdogo uonekane mpana kuliko maua yoyote ya kigae. Na kile kidirisha cha juu, ambacho wengi hukiziba kwa sababu ya kunguru na majirani, kiachwe wazi na kuwekewa wavu.

Sakafuni pachaguliwe kigae kisichong'aa. Jaribio lake ni rahisi: omba kipande kimoja dukani, kimwagie maji ya sabuni, uvue kiatu ukikanyage. Muuzaji atacheka, mwache acheke. Nyumba zetu zina mabibi wanaoamka alfajiri kutawadha gizani, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo hauungi kirahisi. Vigae vidogo, vya sentimita 10 hadi 20, vinafaa kuliko vile vikubwa vya sentimita 60. Maungio yake mengi huushika mguu, na fundi huweza kuipa sakafu mwinamo wa sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita bila kukikatakata kigae.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa mambo haya. Katika magofu ya Gedi, mji uliohamwa katika karne ya 17, vyoo vya ndani ya nyumba vinaonekana hadi leo. Katika nyumba za kale za Lamu, birika la msalani lilitiwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, na chini yake likazikwa bakuli la kauri ili samaki wapate mahali pa kukaa maji yakipungua. Hivyo ndivyo anavyochagua vifaa mtu anayejua maji yake.

Je, sisi tunayajua yetu? Mombasa hutegemea maji ya mbali, yakiwemo ya chemchemi za Mzima, na mifereji hukauka mara kwa mara; hapo ndipo mkokoteni wenye mitungi ya lita 20 unapokuwa mfalme. Nyumba ya watu saba, kila mmoja akivuta maji ya choo mara tano kwa siku, kwa tangi la lita 9, hutumia lita 315, karibu mitungi 16. Tangi la vitufe viwili, la lita 3 na lita 6, litapunguza hesabu hiyo hadi kiasi cha mitungi sita. Choo cha kuchutama na kopo la lita 2 hakifiki mitungi minne. Mwalimu wa hesabu anaweza kuendelea na bei.

Jambo moja zaidi kabla bomba halijafukiwa. Makka iko karibu kaskazini kamili ya Mombasa, kwa hiyo kwa Mwislamu choo kinachoelekea kaskazini au kusini ni makosa. Kielekezwe mashariki au magharibi. Nimesikia vilivyong'olewa baada ya vigae kukauka.

Kuhusu mifereji, maji ya visima vya kisiwani yana chumvichumvi, na hewa ya bahari nayo ina yake. Mfereji wa madini mepesi uliopakwa mng'aro juu utaota vipele haraka. Upime mkononi, wa shaba nyeupe ni mzito, bei yake kubwa, na utadumu. Mmoja uwekwe chini kwa ajili ya udhu, ili mzee asiinue mguu hadi kwenye beseni.

Mwisho ni chuma cha kushikia, ambacho karibu kila mtu hukisahau. Tumbawe halishiki msumari mfupi. Chuma kilichofungwa juujuu kitang'oka siku mtu atakapokiegemea kwa uzito wake wote, kwa hiyo kifungwe kwa boliti ndefu kwenye ukuta wa matofali, au kisimamishwe juu ya nguzo iliyochimbiwa sakafuni, kabla ya vigae kubandikwa.