Kuhesabu na Kuhakiki: Kazi ya Catherine Gicheru na Maana Yake kwa Kasese

Makala haya yanaeleza kazi ya Catherine Gicheru, mwanahabari wa Kenya, na kudai kwamba uandishi wa habari za takwimu ni uhakiki wa kawaida uliopanuliwa, wala si ufundi wa kompyuta tu.

Kompyuta zilimkuta Gicheru akiwa mhakiki tayari. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mhariri wa habari katika kampuni ya Nation, Nairobi, na mwaka 1992 alitunukiwa tuzo ya ujasiri ya International Women's Media Foundation. Baada ya kuwa mhariri mwanzilishi wa gazeti la The Star, aliongoza PesaCheck, mradi unaopima kauli za viongozi kuhusu fedha za umma kwa kuzilinganisha na nyaraka. Kisha akageukia ualimu: Africa Women Journalism Project, anayoiongoza, huwafunza wanahabari wanawake kutumia takwimu wakiwa kazini, katika habari zao wenyewe. Hilo la mwisho ndilo zito zaidi, kwani warsha ya siku mbili haimfanyi mtu mhakiki.

Haja ya ujuzi huo inaonekana Kasese, magharibi mwa Uganda. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016 vikosi vya serikali vilipambana na walinzi wa Mfalme Charles Wesley Mumbere wa Rwenzururu. Human Rights Watch ilieleza mwaka 2017 kwamba watu wasiopungua 55, wakiwemo polisi 14, waliuawa siku ya kwanza, na zaidi ya 100 siku ya pili katika uvamizi wa ikulu. Hesabu za polisi zilikuwa ndogo kuliko hizo. Mwanahabari aliyefunzwa huuliza kwanza kinachohesabiwa: miili iliyofikishwa hospitalini, miili iliyotambuliwa na jamaa, au watu wasiojulikana waliko? Neno "waliokufa" huzificha hesabu zote tatu.

Kiswahili kina maneno ya kuzitenganisha. Kinachokosekana ni mafunzo yanayoyatumia. Kuanzia Kinyamaseke na Bwera hadi mpaka wa Mpondwe, Lukonzo ndiyo lugha ya nyumbani, na Kiswahili huwaunganisha wafanyabiashara na Wakongo. Kiingereza hubaki lugha ya ripoti. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima. Wizara zinazotekeleza uamuzi huo zingeweza kuanza na jambo dogo: kuchapisha takwimu za wilaya kwa Kiswahili, kila idadi ikiambatana na maelezo ya namna ilivyopatikana.