Hausingi ya turbo: Kubwa si lazima iwe bora

MWENYE lori anayetaka nguvu zaidi bila kununua injini nyingine huambiwa na mafundi abadili turbo. Mara nyingi turbo nzima haihitajiki. Inatosha kubadili hausingi, lile gamba la chuma lenye umbo la konokono linalopokea moshi wa injini na kuuelekeza kwenye feni. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huamini iliyo kubwa zaidi ndiyo yenye nguvu, na hapo ndipo fedha hupotea.

Turbo ina magamba mawili. La aluminiamu ni la upande wa hewa safi, na la chuma ni la upande wa moshi. Wauzaji hupenda kuonyesha la kwanza kwa kuwa linang'aa, lakini kubadili ukubwa wake peke yake huleta tofauti ndogo. Tabia ya gari huamuliwa na gamba la moshi.

Garrett ya Marekani hupima gamba hilo kwa A/R, yaani eneo la njia ya moshi likigawanywa kwa umbali kutoka katikati ya shafti hadi katikati ya njia hiyo. Turbo yake ya GT3076R, kwa mfano, imeuzwa na magamba ya 0.63, 0.82 na 1.06. Holset, yenye asili ya Huddersfield, Uingereza, na iliyonunuliwa na Cummins mwaka 1973, hutumia sentimita za mraba: 12, 14, 16, 18 na kuendelea. Vipimo hivyo viwili havilinganishwi, hata muuzaji aseme nini.

Namba ndogo maana yake moshi hupita kwa kasi mahali pembamba. Feni huwahi kuzunguka na gari huchanganya mapema, ila injini ikifika mizunguko ya juu moshi hubanwa na nguvu hukatika. Namba kubwa hufanya kinyume. Kwa gari la mashindano hilo halina ubaya. Kwa lori lenye tani 30 za mzigo linaloanza kupanda Kitonga, mkoani Iringa, ni hasara tupu: turbo huchelewa, dizeli huzidi hewa, bomba hutoa moshi mweusi na joto hupanda hadi kuweza kuyeyusha pistoni. Baadhi ya mafundi huficha uzito huo kwa kufungua pampu zaidi, jambo linaloongeza joto lilelile.

Kwa kazi ya mizigo, busara ni kubaki karibu na kipimo cha kiwandani na kusogea hatua moja tu, tena pale tu dizeli imeongezwa na kipimajoto cha moshi kimefungwa.

Anayenunua mtumba asome namba iliyochapwa kwenye chuma, ahakikishe gamba linaingiliana na feni aliyonayo, na ahesabu matundu ya boliti. Injini nyingi za silinda sita hutumia gamba lenye njia mbili, moja kwa kila silinda tatu. Ukuta unaotenganisha njia hizo ndio hupasuka kwanza, hivyo utazamwe kwa tochi. Boliti zilizokaa kwenye joto miaka mingi hukatika wakati wa kufungua, na gharama ya kuzitoa iingizwe kwenye mapatano kabla spana haijashikwa.