Programu Iliyokufa Kila Ilipofunguliwa



Muhula uliopita gazeti letu lilichelewa kwa majuma mawili, na wengi wenu mliuliza sababu. Mliambiwa kwa kifupi kwamba kompyuta ilikuwa mbovu. Jibu hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga chapa, na habari nzima naijua. Nimeomba nafasi niieleze kwa sababu mbili. Ya kwanza, ina mafunzo kwa kila mtu anayetumia kompyuta, awe mwanafunzi, mwalimu au mzazi. Ya pili, ninalo deni ambalo sharti nililipe mbele ya watu.

Sisi hapa Mogitu, kwenye njia panda ya kwenda Haydom, tunacho chumba kimoja cha kompyuta, na mashine moja tu ndiyo ya gazeti. Upepo unaoshuka Mlima Hanang huleta vumbi jingi, na umeme nao una siku zake. Basi kila mashine inapoleta ukaidi, sisi husema, "Ni vumbi," au "Ni umeme." Safari hii vumbi na umeme havikuwa na kosa lo lote.

Makala zote huziandika kwa programu ndogo ya maandishi matupu. Programu ya namna hiyo haina mapambo. Haichori majedwali wala haiweki picha. Kazi yake ni kupokea herufi na kuzihifadhi katika faili, basi. Kwa kuwa ni nyepesi, hufunguka upesi hata katika mashine ya zamani kama yetu.

Jumatatu moja asubuhi niliifungua kama kawaida. Dirisha likatokea, likawa jeupe, likatoweka. Nikafungua tena, likatoweka tena. Mara kumi nilijaribu, mara kumi ikafa. Moyo ulinienda mbio, maana ndani ya mashine ile mlikuwa na makala 31, nasi hatukuwa na nakala nyingine. Mojawapo ilikuwa ya mzazi mmoja aliyetujia kutusimulia asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, siku tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani. Alisimulia kwa mdomo nami nikapiga chapa palepale. Hapakuwa na karatasi.

Habari zikaenea. Wenzangu wakataka kumjua mkosaji, na haikuchukua muda wakampata. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili alikuwa ameonekana Jumamosi akichomeka flashi yake katika mashine ile. Wakasema ameleta virusi. Alikana, lakini nani alimsikiliza? Akakatazwa kuingia chumba cha kompyuta. Mimi nilikuwapo, nami nilitikisa kichwa pamoja na wengine.

Shauri la kwanza lilikuwa kumwita fundi aifute mashine yote na kuipanga upya. Mwalimu wetu wa kompyuta akakataa. Akasema, "Mgonjwa hachomwi sindano kabla hajaulizwa anaumwa wapi. Kwanza tuokoe mali, kisha tutafute ugonjwa." Maneno hayo nayashika mpaka leo. Sasa nitaeleza hatua tulizofuata, nanyi mzifuate siku yenu itakapofika.

Hatua ya kwanza ni kuokoa mafaili. Watu wengi hudhani kwamba programu ikifa, na maandishi yamekufa. Sivyo. Programu ni kama kalamu, na faili ni kama daftari. Kalamu ikivunjika, yaliyokwisha kuandikwa daftarini hayafutiki. Mwalimu hakuigusa programu ile kabisa. Alifungua folda ya gazeti, akanakili mafaili yote katika flashi mbili, akayafungua kwa programu nyingine. Makala zote 31 zilikuwapo. Nilipoiona ile ya mzazi wetu nilikaa kitini nikapumua.

Jambo hilo pia lilitufundisha kitu: ikiwa programu nyingine yaweza kuyafungua mafaili, basi mafaili ni mazima. Ugonjwa uko kwingine.

Hatua ya pili ni kuyaondoa mambo mepesi. Tuliizima mashine na kuiwasha tena. Tuliangalia kama diski imejaa, maana programu ikikosa mahali pa kuandika yaweza kuanguka. Nafasi ilikuwa tele. Tukapima virusi, tukaipima na flashi ya yule kijana. Havikuonekana. Lakini watu wakishaamua hawabadili upesi. Wengine walisema labda virusi vimejificha.

Hatua ya tatu tuliondoa programu, tukaiweka upya. Tulidhani sasa tumeshinda. Tukaifungua, ikafa vilevile! Hapo wengi wetu tulikata tamaa, lakini Mwalimu alicheka, akasema tumepata habari kubwa. Ikiwa programu mpya nayo inakufa, basi kosa halimo katika programu yenyewe, bali katika kitu kilichobaki tulipoiondoa. Programu nyingi huweka mipango ya mtumiaji, kama vile ukubwa wa herufi na majina ya mafaili aliyokuwa akiyasoma, katika folda ya mtumiaji huyo. Mara nyingi ukiiondoa programu, folda hiyo hubaki. Ni kama kumfukuza mpangaji ukaacha mizigo yake chumbani. Anayehamia hujikwaa juu yake.

Hatua ya nne ilikuwa kulijaribu wazo hilo. Mwalimu alifungua akaunti mpya katika mashine ileile, akaifungua programu ileile. Ikafunguka bila taabu! Tukarudi katika akaunti ya gazeti, ikafa. Basi mashine ilikuwa nzima, programu ilikuwa nzima, na ugonjwa ulikuwa katika mipango ya akaunti yetu. Angalieni jinsi tulivyobadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Tungalibadili mambo matano pamoja, tusingalijua ni lipi lililotuponya.

Hatua ya tano tuliifungua folda ya mipango. Humo mlikuwa na faili dogo linaloorodhesha mafaili yaliyokuwa wazi mara ya mwisho, ili programu iyafungue yenyewe mtumiaji anaporudi. Mwalimu hakulifuta. Alilibadili jina tu, ili programu isilione, nasi tuweze kulirudisha ikiwa tumekosea. Tukafungua programu. Ikasimama imara, ukurasa mweupe, tayari kwa kazi. Watu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga makofi muda mrefu. Mwalimu alilifungua lile faili dogo ili tuione sababu, kwani nalo ni maandishi matupu. Jina la mwisho katika orodha lilikuwa la video ya arusi ya kaka yangu.

Hapo nikakumbuka. Jumapili jioni niliingia peke yangu kupiga chapa. Nilikuwa nimeinakili video ile katika mashine ili niitazame, jambo ambalo ni marufuku. Kwa kukosea kubofya, nikaifungua kwa programu ya maandishi. Dirisha likaganda. Niliogopa, nikaizima mashine kwa kukibonyeza kitufe chake mpaka ikalala, nikaenda bwenini. Nilidhani yamekwisha.

Mwalimu akatueleza hesabu yake. Video ile ilikuwa na megabaiti 900 hivi. Programu ile haijui video. Huichukua kila baiti kana kwamba ni herufi, na kila herufi huipa baiti mbili katika kumbukumbu ya kufanyia kazi. Basi ilihitaji megabaiti 1,800. Mashine yetu inazo 2,048 tu, na mfumo wenyewe wa kompyuta hutumia sehemu kubwa ya hizo. Ni kama kumimina debe katika kikombe. Nayo programu huandika orodha yake kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo jina la video lilikwisha kuingia kabla sijaizima mashine. Kila tulipoifungua, ilikumbuka kwa uaminifu, ikajaribu kuubeba mzigo ule, ikaanguka.

Waingereza na Wamarekani huliita kosa la kompyuta kwa jina la mdudu. Jina hilo mafundi walilitumia tangu zamani, lakini tarehe 9 Septemba 1947 lilipata mdudu wa kweli. Mafundi wa mashine iliyoitwa Harvard Mark II, huko Marekani, walimkuta nondo amenaswa ndani yake. Wakambandika katika kitabu cha kumbukumbu za kazi, na kitabu hicho kimehifadhiwa katika makumbusho hata leo. Nawasifu mafundi wale kwa kuwa walitafuta mpaka wakamwona mdudu mwenyewe, wakaandika walichokiona. Sisi tulimpata mkosaji kabla ya kumtafuta mdudu.

Nilisimama, nikasema, "Mwalimu, video hiyo ni yangu." Nilipewa adhabu yangu, nayo ilikuwa ya haki. Jambo gumu zaidi lilikuwa kumwendea yule kijana. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lake. Hakusema mengi. Alisema tu, "Kaka, ungeuliza flashi yangu ilikuwa na nini." Ilikuwa na maswali ya mtihani wa Hisabati uliopita, aliyokuwa akiyapiga chapa kwa ajili ya wenzake.

Kwa hiyo, wasomaji, programu yenu ikianguka kila mara, shikeni mambo haya. Okoeni mafaili kwanza, na wekeni nakala mahali pawili. Ulizeni ugonjwa ulianza lini, na ni kitu gani kilichofanyika kabla yake. Jaribuni faili lilelile kwa programu nyingine, na programu ileile kwa akaunti nyingine. Badilini jambo moja tu kwa wakati mmoja. Badala ya kufuta, badilini jina. Na kama ninyi wenyewe mlibofya pasipofaa, semeni mapema. Wahenga walisema, mficha ugonjwa kifo humuumbua. Ningalisema Jumatatu ile asubuhi, kazi ya siku tano ingalikwisha kwa dakika tano, na mtoto wa watu asingaliitwa mharibifu.

Yule kijana sasa ndiye mpiga chapa mwenzangu. Makala hii ameipitia yeye kabla haijawafikia, na nakala zake ziko mahali pawili.