Jirani wa neno, jirani wa nukta

Juzi mwanafunzi mmoja wa hisabati alinirushia swali: “Prof, mbona nyinyi watetezi wa Kiswahili hamgusi hisabati ya juu?” Lilinichoma. Basi leo tujaribu.

Shuleni, ‘grafu’ ni mchoro wa takwimu. Katika tawi hili, grafu ni nukta na viungo kati yake. Nukta mbili zilizounganishwa tuziite majirani.

Chukua darasa la wanafunzi 16 walioketi safu nne, wannewanne. Jirani ya mtu ni yeyote aliye katika safu yake ya mlalo au ya wima. Hebu hesabu: kila mmoja ana majirani 6. Wawili walio majirani wana majirani 2 wa pamoja. Wasio majirani pia wana 2. Grafu ambazo hesabu hizi hazibadiliki popote uanzapo zilipewa jina na R. C. Bose mwaka 1963. Mimi napendekeza tuziite ‘grafu za utaratibu thabiti’.

Zile safu nane, kila moja ikiwa na nukta nne, ni jiometri ndogo yenye nukta za kuhesabika. Swali la uainishaji ni hili: je, ukipewa namba 16, 6, 2, 2 pekee, utajua ni darasa letu?

Hapana. Mwaka 1959 S. S. Shrikhande alionyesha kwamba zipo grafu mbili, wala si zaidi, zenye namba hizo. Utazitofautishaje? Watazame majirani wa nukta moja. Darasani, wale 6 hugawanyika makundi mawili ya watatuwatatu wanaojuana wote. Katika ile nyingine, wameshikana mikono kuwa duara moja. Humo hupati nukta nne zilizo majirani zote kwa zote. Kwa hivyo safu hazipo, na jiometri yenyewe imetoweka.

Wanaisimu tunalijua jambo hili. Andika ‘kaa’ pweke: ni yupi? ‘Kaa huyu’ ni wa baharini, ‘kaa hili’ ni la jikoni. Tahajia ni moja. Jirani ya neno ndiye anayelifichua.

Kumbe lugha haikukwama. Kilichopungua ni sisi wahadhiri kukaa pamoja, wa isimu na wa hisabati, tukubaliane istilahi. Mwanafunzi wangu anasubiri jibu.