Mapatano Kabla ya Pango

Anayecheza peke yake mchezo wa mtandaoni wa kuigiza wahusika hupotea peke yake. Akiingia na wenzake wanne, kosa lake linawaua watano. Huenda mmoja yuko Goma, mwingine Kampala, wa tatu Brussels, na wewe uko Kashebere, mashariki mwa Kongo, simu ikichajiwa kwa paneli ya jua. Hamjuani sura, hakuna mzee wa kuwasuluhisha, na kazi mliyopewa inataka nusu saa ya utulivu. Ugomvi mwingi wa vikundi hivi huzuka kwa sababu watu waliingia pangoni, yaani uwanja wa mapambano ndani ya mchezo, bila kupatana.

La kwanza la kupatana ni nafasi. Katika World of Warcraft, ulioanza mwaka 2004, kikundi cha kawaida kina watu watano: mbeba ngao mmoja, ambaye wachezaji humwita tanki, mponyaji mmoja na wapigaji watatu. Tanki huvuta hasira za adui zimwangukie yeye, kwa hiyo yeye ndiye anayetangulia na kupanga mwendo. Mpigaji anayemrukia adui kabla yake hujiletea kipigo asichoweza kukihimili, kisha mponyaji anamaliza nguvu zake kumwokoa mtu mmoja. Mwaka 2005 ilisambaa video ya mhusika aitwaye Leeroy Jenkins: wenzake wakiwa bado wanapanga mbinu, alipaza sauti akitaja jina lake, akakimbilia ndani, wote wakafa. Ulikuwa mzaha ulioandaliwa, lakini wachezaji walicheka kwa sababu kila mmoja alimjua Leeroy wake.

La pili, na ndilo linalovunja urafiki, ni ngawira. Jitu likianguka huacha vitu vichache kuliko mikono inayovitaka. Mwaka 1999, katika mchezo wa EverQuest, chama cha wachezaji kiitwacho Afterlife kilibuni hesabu ya pointi: anayehudhuria vita dhidi ya majoka hupata pointi, na anayetaka silaha huzilipia kwa pointi hizo. World of Warcraft ulipoanza na vikosi vya watu 40, vyama vingi viliiga hesabu hiyo. Kwa vikundi vidogo mchezo huo uliweka machaguo mawili, kuhitaji na kutamani, kisha kompyuta hupiga kura ya namba. Adabu yake ni nyepesi kuisema na ngumu kuishika: bonyeza kuhitaji kwa kile tu ambacho mhusika wako atakivaa leo. Watengenezaji walijaribu kuukwepa ugomvi huo mwaka 2018 kwa kumgawia kila mchezaji fungu lake moja kwa moja. Mwaka 2022 wakaurudisha mgawo wa kikundi katika mapambano ya vikosi vikubwa. Mashine inagawa vitu, lakini haijui nani aliahidiwa nini.

Watu wa Masisi na Walikale, huko huko mashariki mwa Kongo, wanaliona hilo machimboni. Mchimbaji na PDG wa shimo, yaani msimamizi wake, hupatana mafungu kabla ya kushuka, maana gunia likishatoka kila mmoja huona jasho lake ndilo lililokuwa zito. Kwa hiyo kabla ya pambano andika sentensi moja: upinde ukitoka ni wa nani, na visivyohitajika vitauzwa au vitapigiwa kura. Katika Albion Online, uliofika kwenye simu mwaka 2021, sharti hili lina uzito zaidi, kwa kuwa katika maeneo ya hatari anayekufa hudondosha alichobeba. Mwenzako akifa, okota mizigo yake umtunzie. Ukiificha, umejitafutia adui kwa ajili ya kofia.

La tatu ni mtandao, na hapa mchezaji wa Kashebere ana wajibu ambao yule wa Brussels hana. Seva za michezo mingi mikubwa ziko Ulaya, Marekani au Asia. Mwanga hupita katika nyuzi za kioo kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000 za waya, kwenda na kurudi tu ni milisekunde 100, kabla ya kuhesabu mnara wa simu na vituo vya njiani. Unapoliona jitu likiinua rungu, kwenye seva huenda limekwisha kulishusha. Mpigaji anayechelewa hivyo hupunguza kasi ya kikundi. Mponyaji anayechelewa hivyo huzika watu. Basi sema mapema kwamba mtandao wako ni wa kusuasua au mega zinakaribia kwisha, uchukue nafasi ya upigaji. Wanaoijua hali yako watakusubiri ukikatika. Wasioijua watadhani umewakimbia.

Kuondoka nako kuna njia yake. Zamani jina la mkorofi lilienea seva nzima na hakuna aliyemwalika tena. Desemba 2009 World of Warcraft ulianza kuunganisha wageni wa seva mbalimbali, na sifa mbaya ikapoteza makali. Ndiyo maana michezo imeweka adhabu na tuzo zake: katika Final Fantasy XIV anayetoroka kazi huzuiwa dakika 30 kuomba kikundi kingine, na kazi ikikamilika kila mchezaji anaweza kumpa mwenzake mmoja alama ya pongezi.

Ukilazimika kutoka, toka baada ya pambano, si katikati, na uage. Mgeni akikosea, mweleze mbinu kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili au Kifaransa, kabla ya kupiga kura ya kumfukuza. Haya yote yanaandikika chini ya dakika moja mlangoni mwa pango: nani anatangulia, ngawira ni ya nani, mtandao wa nani ni mbovu, nani ana haraka. Kikundi kisichokubali kungoja dakika hiyo, kiache kiende, utapata kingine.