Chombo cha Intaneti Nyumbani: Yafaa Tuulize Nini Kabla ya Kununua?

Intaneti imeingia katika nyumba zetu za Kamina kama redio ilivyoingia zamani. Baba ataka kusoma habari za nchi. Mama ataka kuongea na binti yake aliyeolewa Lubumbashi. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa Taifa ataka vitabu ambavyo shule yake haina. Simu moja haiwatoshi wote. Basi jamaa huketi, hukusanya fedha, na mtu hutumwa sokoni kununua modemu. Hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea, maana muuzaji husifu mali yake, naye mnunuzi hatazami ila uzuri wa kasha na wingi wa antena.

Wasomaji wapenzi, twataka leo kuwaelezea, hasa ninyi wakuu wa jamaa, namna ya kuchagua kwa akili. Neno letu kuu ni moja: ijue kwanza njia ambayo intaneti hufika nayo nyumbani kwako, ndipo uchague chombo.

Modemu na ruta

Watu wengi huyataja majina haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja, lakini kazi zake ni mbalimbali. Sisi watu wa nchi ya reli twaweza kuzielewa upesi. Reli ya kutoka kusini ilipofika Bukama mwaka 1918, mizigo ilishushwa katika mabehewa ikapakiwa katika meli za mto Lualaba, kwa kuwa behewa haliwezi kwenda majini, wala meli haiwezi kwenda nchi kavu. Kazi ya modemu ndiyo hiyo: hupokea habari zinazosafiri angani au katika waya, na kuzigeuza zipate kupita katika mashine zetu; tena huzigeuza zetu zipate kwenda nje.

Ruta yafanana na stesheni yetu ya Kamina, ambapo njia ya Lubumbashi, ya Ilebo na ya Kabalo hukutana. Mkuu wa stesheni hatengenezi mizigo. Kazi yake ni kuelekeza kila behewa mahali pake. Hali kadhalika ruta huipa kila simu na kila kompyuta ya nyumbani anwani yake, na kuipelekea kile ilichoomba, bila kuchanganya barua ya baba na somo la mtoto. Siku hizi vyombo hivi viwili mara nyingi hukaa katika kasha moja.

Njia kwanza, chombo baadaye

Huko Ulaya nyumba nyingi hupata intaneti kwa waya wa simu au kwa waya wa nuru. Vyombo vya huko vikiisha kutumika, vingine huletwa Afrika na kuuzwa kwa bei ndogo. Ndugu, ujihadhari! Katika miji yetu waya za simu za zamani zilikwisha kufa. Ukiona kasha limeandikwa ADSL au VDSL, nalo lina tundu dogo la waya wa simu bali halina mahali pa kutia kadi ya SIM, usilinunue liwe modemu yako, hata likiwa zuri kama jipya. Ni sawa na kununua behewa mahali pasipo reli.

Kwa jamaa za kwetu njia kubwa ni mbili: minara ya simu na satelaiti.

Mintarafu ya minara, mwaka 2018 serikali yetu ilitoa leseni za 4G, yaani kizazi cha nne cha mawasiliano ya simu, nacho chaenda mbio kuliko 3G iliyotangulia. Lakini si kila mnara una 4G, wala si kila mtaa huipata sawasawa. Kwa hiyo, kabla ya kununua kitu, azima kadi za kampuni mbili au tatu, uzijaribu katika simu nyumbani mwako: asubuhi, mchana, na hasa jioni, saa ambayo watu wengi huwa pamoja katika mnara mmoja. Fanya hivyo siku kadhaa. Kampuni inayofika vema nyumbani kwako ndiyo yako, hata kama jirani wa mtaa wa pili aisifu nyingine.

Satelaiti huwafaa walio mbali na minara. Zile za zamani hukaa juu sana, kadiri ya kilomita 36,000, hata sauti hukawia kwenda na kurudi. Zile za Starlink huzunguka karibu, kadiri ya kilomita 550, nazo hazikawii hivyo. Lakini itazame sheria. Mwezi Machi 2024 mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ARPTC, ilikataza chombo hicho. Mwezi Mei 2025 kikapewa leseni. Basi anayekinunua na ahakikishe kimeandikishwa kwa matumizi ya Kongo, wala si kwa nchi ya jirani, asije akakatiwa njia baada ya kulipa.

Vyombo vya minara

Chombo cha kwanza ni simu yako mwenyewe, kwa kuwa simu nyingi za siku hizi zaweza kugawia nyingine intaneti. Haina gharama mpya, ila betri huisha upesi, na mwenye simu akitoka, nyumba nzima hubaki bila kitu. Cha pili ni modemu ndogo ya kuchomeka katika kompyuta. Yamfaa mtu mmoja. Cha tatu ni ruta ya mfukoni yenye betri yake. Yawafaa watu wachache, tena hufanya kazi saa kadhaa umeme ukikatika. Cha nne ni ruta ya mezani yenye mahali pa kadi ya SIM. Hiyo ndiyo iifaayo jamaa kubwa, maana huhudumia simu nyingi pamoja, na baadhi yake zina tundu za antena ya nje.

Ukifika kwa muuzaji, muulize maneno manne. Kwanza, je, chombo hiki kimefungwa kwa kampuni moja, au hupokea kadi ya kampuni yo yote? Pili, je, masafa yake ya 4G ndiyo yale yanayotumiwa na kampuni niliyochagua? Jambo hili liulize pia katika duka la kampuni yenyewe. Tatu, je, chataka umeme wa volti ngapi na wati ngapi? Nne, je, naweza kukijaribu hapa kwa kadi yangu kabla ya kulipa? Muuzaji akikataa neno hili la nne, aga kwa adabu uende zako.

Wala usidanganywe na hesabu kubwa zilizoandikwa juu ya kasha. Hizo ni mbio za ndani ya nyumba, toka ruta mpaka simu. Mnara ukitoa kidogo, ruta haiwezi kuongeza. Mtungi mkubwa hauongezi maji ya kisima.

Umeme na mahali pa kuweka

Kwetu umeme hukatika, na chombo kisicho na umeme ni sanduku tupu. Tupige hesabu kama shuleni. Ruta ya mezani inayokula wati 10, ikiwaka saa 12, hutumia wati-saa 120. Betri ya volti 12 yenye amperi-saa 20 ina wati-saa 240. Nusu yake yatosha, nayo yaweza kujazwa na bamba la jua. Lakini chombo cha satelaiti cha kawaida hula wati 75 hata 100. Kwa saa zile zile 12 chataka wati-saa 900 hata 1,200. Aliyenunua chombo pasipo kuwaza betri amenunua nusu tu ya kitu.

Ruta na iwekwe juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara, mbali na kabati la chuma. Mabati na kuta nene za matofali huzuia mawimbi. Kama ruta ina masafa mawili, lile la gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, na lile la gigahezi 5 huenda mbio bali halifiki mbali.

Mlango na ufunguo

Wazazi, yasikieni na haya. Ruta ni mlango wa nyumba, na mlango hutaka ufunguo. Siku ile ile ya kwanza badilisheni neno la siri lililotoka kiwandani, mchague ulinzi wa WPA2 au WPA3, wala neno la siri lisiwe jina la mtoto. Mkiliacha wazi, mtaa mzima utakula megabaiti mlizolipia. Na saa moja ya sinema yaweza kula gigabaiti nzima.

Kuna na hatari iliyo kubwa kuliko hasara ya fedha. Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, uliwakumbusha wazazi wajibu wao mzito wa kuangalia yasiingie nyumbani mambo yanayoharibu imani na mwenendo mwema. Ruta nyingi zaweza kusaidia. Mahali pa mipangilio panapoitwa DNS, andikeni 1.1.1.3, nayo itazuia kurasa nyingi za aibu. Lakini kizuizi hicho hakishiki nafasi ya jicho la mama, wala ya mazungumzo ya baba na mwanawe. Ruta na ikae sebuleni, nayo izimwe saa ya sala ya jioni na saa ya kulala.

Nanyi wanafunzi, mtazameni kijana Carlo Acutis wa Italia, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Aliijua kompyuta vizuri, akaitumia kuwaonyesha watu miujiza ya Ekaristi. Lakini hakukubali kuwa mtumwa wa mashine.

Mwisho twasema hivi: karo ya shule hutangulia modemu. Jamaa ambayo simu moja yaitosha isione haya kwa majirani. Na ile iliyo na haja ya kweli na uwezo wa kweli, na ijaribu njia, ipige hesabu ya umeme, iulize maneno yale manne, kisha inunue kwa moyo mtulivu. Hivyo chombo kitaitumikia jamaa, wala jamaa haitakitumikia chombo.